Usiniambie tufaha "ni" dhambi: kwa mnaoanza kuchambua tunda katika hadithi za fantasia

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudi ikiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu, ukurasa wa 3. Nilikuwa nimeandika, kwa kile kiburi cha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwamba "tufaha katika hadithi za fantasia ni ishara ya dhambi na kishawishi". Msimamizi wangu alipigia mstari neno "ni", akaandika pembeni: "Limekuwaje?" Basi. Kurasa 40 zilizofuata hakuzigusa. Nilidhani kachoka kusoma. Kumbe alishamaliza kazi, maana zote 40 zilikuwa zimeegemea hiyo "ni".

Siku hizi mimi ndiye ninayeshika kalamu nyekundu, na kila mwaka nakutana na sentensi ile ile, wakati mwingine neno kwa neno. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, nawaombeni mnisikilize kabla hamjafika ukurasa wa 3.

Kwanza, chunguzeni neno kabla ya ishara. Fungua Mwanzo sura ya 3 uonyeshe tufaha liko wapi. Halipo. Biblia ya Kiswahili inasema "matunda ya mti ulio katikati ya bustani", na Kiebrania nacho kinasema tunda tu. Ukienda kwenye Kurani, katazo linahusu mti: msiukaribie. Wanazuoni wa Kiyahudi walibishana kama ulikuwa mzabibu, mtini, au hata ngano. Michelangelo alipochora dari la Sistine pale Vatikani alichora mtini. Tufaha liliingia Ulaya Magharibi kwa msaada wa Kilatini, ambako malum yenye a ndefu ni tufaha na malum yenye a fupi ni uovu, na wachoraji wa kaskazini, watu wenye mitufaha nyuma ya nyumba, wakalishika. Kufika 1667 Milton anapochapisha utenzi wake mkubwa juu ya Edeni, tunda limeshapata jina. Kwa hiyo ukisema tufaha ni dhambi, umesema habari za Ulaya ya karne fulani. Hujasema lolote kuhusu kitabu kilicho mbele yako.

Sisi tuna mzigo wa ziada. "Kula tunda" kwa Kiswahili cha mtaani kila mtu anajua ni nini, na wimbo ukilitaja redioni wazee wanajikohoza. Mwanafunzi anayelelewa na lugha hiyo akiona msichana anamega tufaha kwenye hadithi ya Kijerumani, mkono unamwandikia wenyewe: tamaa ya mwili. Huenda yuko sahihi. Ila aonyeshe imetoka kwenye hadithi, isije ikawa imetoka kwenye redio.

Halafu kuna suala la tunda lenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na kikundi cha watu sita, nikawaambia wachore tufaha ambalo malkia anampelekea Snow White, yule msichana wa ngano ya Kijerumani ambaye mama yake wa kambo anataka kumuua. Watano walichora lile la duara, epo la kwenye toroli, lililofutwa likang'aa na kubandikwa kibandiko. Binti mmoja wa Unguja alichora tunda jekundu lenye umbo la kengele, jembamba kuelekea kwenye kikonyo. Wenzake wakacheka. Yeye akashangaa wanacheka nini: kwao tofaa ndilo hilo, lenye nyama nyeupe laini kama sponji, harufu ya waridi na kokwa kubwa moja ndani. Hakukosea hata kidogo. Hata tufaha na tofaa ni neno moja lililotoka Kiarabuni likapita njia mbili. Nikamwomba sasa asome jinsi malkia anavyolitumia, kisha atuambie kama kwa tofaa lake hila ile ingewezekana.

Akasoma. Katika mkusanyo wa ndugu Grimm, uliotoka mara ya kwanza 1812, tufaha lina shavu jekundu na shavu jeupe, kama tufaha lililoiva upande wa jua tu. Malkia kalitia sumu upande mwekundu peke yake. Anafika mlangoni kwa sura ya mwanamke wa shamba, msichana anakataa kupokea kitu, na hapo malkia anafanya jambo ambalo wachambuzi wengi wachanga hulipita mbio: analikata vipande viwili, anampa msichana chekundu, na yeye mwenyewe anakula cheupe mbele yake.

Tulieni hapo. Msichana amekwisha kuuawa mara mbili kwa vitu vya kuvaa, kamba ya kiunoni na kitana chenye sumu. Safari hii kinachomshinda ni kumwona mwenzake akila. Sumu imepita kwenye desturi ya kula pamoja, ile ile inayotufanya hata sisi tumwamini mtu aliyeonja kwanza. Sasa dhambi ya msichana iko wapi? Kama tufaha hili lina maana, maana hiyo iko kwenye mkono unaokata. Na tofaa la kengele, jekundu pande zote, lisingefaa kazi hiyo. Binti wa Unguja aliligundua hilo kabla yangu, nami nilikuwa nimekaa na kisa hicho miaka.

Angalieni pia tufaha linavyotoka. Katika chapa ya 1812 mtumishi aliyechoka kubeba jeneza anampiga msichana mgongoni na kipande kinamtoka kooni. Katika chapa za baadaye wabebaji wanajikwaa. Busu halipo kabisa; limetoka kwenye filamu ya Disney ya 1937. Nimeshasoma insha tatu zenye kichwa cha namna ya "busu la upendo lashinda tufaha la dhambi", zote zikitaja kitabu. Kipande hicho hakikumezwa wala hakikuyeyuka, kilikwama tu, na mtu anayetaka kuandika jambo jipya ana mahali pa kuanzia hapo.

Baada ya kurasa zangu 40 kufa nilijiwekea utaratibu ambao nautumia mpaka leo. Kila tunda likitokea naliandikia mstari kwenye daftari na kujibu mambo manne: nani kalitoa, nani kalila, kwa ruhusa ya nani, na kimebaki nini baada ya kuliwa. Hili la nne huachwa wazi na karibu kila mtu, na ndilo lililonilipa kuliko yote.

Mfano wake mzuri ni kitabu cha C. S. Lewis cha 1955, The Magician's Nephew, kile kinachosimulia Narnia, nchi yake ya kubuni, inavyoumbwa. Digory, mvulana ambaye mama yake ni mgonjwa wa kufa huko London, anatumwa na simba Aslan akachume tufaha la fedha kwenye bustani iliyo juu ya kilima. Langoni kuna maandishi: chuma kwa ajili ya wengine, au uache. Ndani anamkuta mchawi Jadis, aliyeruka ukuta, ameshakula, na maji ya tunda yamempaka mdomoni doa baya. Mchawi hamwambii "kula upate uwezo" tu. Anamwambia ampelekee mama yake. Hapo ndipo yule mwandishi wa "tufaha ni kishawishi" anapofurahi na kufunga daftari.

Msifunge. Digory anakataa, analipeleka tunda kwa Aslan, linatupwa kwenye udongo laini kando ya mto, linaota mti, na mti huo unamzuia mchawi asikaribie kwa sababu harufu yake imekuwa chukizo kwake. Kisha Aslan anamruhusu achume moja la mama. Na anamweleza kwamba lile la kuiba nalo lingemponya, ila uponyaji wenyewe wangekuja kuujutia wote wawili. Hebu lisomeni hilo tena. Tunda la wizi na tunda la ruhusa yana nguvu ile ile. Kemia haibadiliki. Kilichobadilika ni safu ya tatu ya daftari langu, ruhusa, na ukiwa na safu ya pili peke yake huwezi kuliona hilo.

Safu ya nne sasa. Mama anapona, Digory anazika kokwa kwenye bustani ya nyuma, unaota mti ambao wakati mwingine unatikisika London bila upepo, kwa kuwa huko Narnia upepo unavuma. Miaka baadaye dhoruba inauangusha, na Digory, sasa mtu wa makamo, anatengenezesha kabati kwa mbao zake. Ndilo kabati ambalo watoto wa kitabu cha 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, wanaingilia Narnia. Tunda limekuwa mti, mti umekuwa mlango. Ukiliita ishara ya dhambi, mlango huo utaueleza vipi?

Neno moja juu ya maisha ya mwandishi, maana mtaligundua na mtatamani kuanza nalo. Lewis alifiwa na mama yake kwa saratani mwaka 1908, akiwa na miaka tisa. Ni kweli, inauma, na ina uzito. Iwekeni mwishoni. Nimeona insha zinazoanza na msiba huo zikashindwa kurudi kwenye kitabu, kwa sababu baada ya kusema "alimponya kwenye karatasi mama ambaye hakupona" mwandishi anahisi amemaliza. Wala simlaumu.

Kwa matunda mengine daftari linafanya kazi haraka. Komamanga la Persefone, mungu wa kike wa Wagiriki aliyetekwa kuzimu: safu ya kwanza mume wa kuzimu, safu ya nne majira ya mwaka. Matufaha ya Idunn, mungu wa kike anayeyatunza, katika masimulizi ya Kinordiki yaliyoandikwa na Snorri Sturluson karne ya 13: safu ya nne haina kitu, kwa sababu yanapaswa kuliwa tena na tena, na mwenye kuyatunza akitekwa miungu inaota mvi. Pichi kwa Wachina ni maisha marefu. Katika riwaya yao ya kale, Safari ya Magharibi, bustani ya mbinguni ina miti 3,600, na iliyo bora huzaa mara moja kwa miaka 9,000, mpaka nyani Sun Wukong anapopewa kazi ya kuilinda. (Ndiyo, nyani. Kuilinda.) Lakini pichi ile ile kwa George R. R. Martin, katika A Clash of Kings ya 1998, inatolewa na Renly kumpa kaka yake Stannis kwenye mazungumzo ya kabla ya vita. Stannis anashika upanga akidhani ni silaha. Renly anakula pichi yake, usiku huo anakufa, na Stannis anakiri baadaye kwamba ataingia nayo kaburini akiwa bado anaiwaza. Hapo msilazimishe jibu. Mhusika mwenyewe ameshindwa, na huo ndio uchungu wa tukio.

Na jamani, msiniletee tena utangulizi unaosema fantasia imetoka Ulaya. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha ngano alizosimuliwa Zanzibar, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na mtende wake. Kila mwaka ndege anakuja kula tende. Sultani anawaweka watoto wake walinde, mmoja baada ya mwingine, na wote wanalala, mpaka zamu ya yule wa mwisho, wa kukaa jikoni, aliyedharauliwa. Yeye anakesha kwa kutia mchanga mdomoni, ukimkwaruza meno kila usingizi unapomjia. Anamkamata ndege, anapewa unyoya. Kisha ngano inageuka ghafla: paka wa Sultani anaanza kula ndama, anaendelea na wanyama wakubwa zaidi, mwisho watu.

Wachambuzi wengi wanasema hizo ni ngano mbili zilizoshonwa vibaya. Nami nilikuwa nasema hivyo. Mwezi uliopita kijana mmoja, mkimya, wa kukaa nyuma, ameniletea rasimu ya kurasa kumi, na kwenye ukurasa wa 7, katikati ya aya, ameandika kwamba Sultani aliwakesha watoto wake wote kwa ajili ya tende, lakini paka alipoanza na ndama alisema paka ni wake na ndama ni wake, akamwacha. Nimemrudishia na alama moja ya kalamu nyekundu: aihamishe sentensi hiyo ikae ya kwanza kabisa, na zile kurasa mbili za Edeni azitoe.