Fundi Anajibu: Sigara ya umeme juu ya kisahani cha simu

SWALI: Shikamoo, Fundi. Niko Nkuhungu, Dodoma. Jana niliweka sigara yangu ya umeme, yenye ganda la chuma, kwenye kisahani cha kuchajia simu bila waya. Taa haikuwaka, lakini ilipata moto. Imeharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yawezekana bado nzima, ila usirudie. Ndani ya kisahani kuna koili ya shaba, yaani waya uliozungushwa duara, inayotoa uga wa sumaku. Simu yako ina koili nyingine mgongoni inayougeuza uga huo kuwa umeme. Sigara nyingi za umeme hazina koili hiyo. (Ile unayobadilisha kila mara ni ya kuunguzia kimiminika tu.) Chuma chake kikapashwa moto bure, kama sufuria kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku. Kisahani kizuri hugundua chuma kikajizima. Chako, samahani, nahisi ni cha mnadani.

Tumia waya wake. Juzi nililetewa moja hapa Majengo, betri imevimba kama andazi. Niliitoa nje mbio, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga. Yako ikivimba au ikinuka, usiichaji tena. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana, na jua letu hili.