Fonografu yenye herufi I.C.S.: ni mashine ya kujifunzia lugha, na umri wake unasomwa hivi

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote na picha nimezikuza mpaka zikagoma. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu aliyeko Ohio amenunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu fonografu ya silinda (mashine ya zamani ya kucheza na kurekodi sauti kwenye silinda za nta), modeli ya Edison Standard, kasha la mwaloni, na kwenye kasha kuna herufi I.C.S. Imekuja na silinda nyeusi kadhaa, moja ya kahawia isiyo na maandishi yoyote, vichwa viwili vya sauti, na mpira wa kusikilizia wenye matawi mawili kama kipimo cha daktari. Kibati cha mbele kina tarehe nyingi, ya mwisho 17 Novemba 1903. Anauliza hii ilikuwa mashine ya kazi gani, na je, ni ya mwaka 1903?

Mimi nakarabati mashine hizi hapa Pennsylvania. Nilianzia kwenye saa za ukutani, nikahamia kwenye fonografu kwa sababu springi ni springi. Za aina yako zimepita mezani kwangu zaidi ya moja, maana zilikotoka si mbali: mji wa Scranton.

I.C.S. ni International Correspondence Schools, shule ya kusoma kwa posta. Iliasisiwa na Thomas Foster, mhariri wa gazeti la wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1891 alianza kuwatumia wachimbaji masomo kwa barua ili wafaulu mitihani ya usalama migodini, na kutoka hapo shule ikapanuka ikafundisha karibu kila fani. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakaingia kwenye lugha: Kifaransa, Kijerumani, Kihispania. Tatizo la kufundisha lugha kwa posta mnalijua, barua haina matamshi. Edison alikuwa na dawa, kwa sababu fonografu ya silinda, tofauti na gramafoni ya santuri iliyokuja kuishinda sokoni, ilikuwa inaweza kurekodi palepale nyumbani. Mwanafunzi alipokea silinda zenye sauti ya mwalimu na vitabu vyake. Anasikiliza, anafuatisha, halafu anabadilisha kichwa, anaweka silinda tupu ya nta na kusema zoezi lake. Silinda ile anaifunga kwenye kisanduku chake, inapanda treni kwenda Scranton, mwalimu anaisikiliza, anasahihisha matamshi, majibu yanarudi. Mtu wa shambani Nebraska alikuwa anasahihishwa matamshi ya Kifaransa na mwalimu asiyemwona, miaka mingi kabla redio haijaingia majumbani.

Ndiyo maana mashine yako ina vichwa viwili, na hapo naomba tukae kidogo kabla ya kwenda kwenye miaka, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu vitu.

Kimoja ni cha kusomea, kingine ni cha kurekodia. Kwa juu vinafanana mno, vyote viduara vya chuma vyenye kiwambo ndani, na vyote vinaingia kwenye tundu lilelile la mkono. Vigeuze chini. Cha kusomea kina kipande cha chuma kizito kilichoshikwa kwa bawaba, kinacheza juu chini ukikigusa, na ncha yake ni yakuti iliyosuguliwa ikawa laini. Uzito huo ndio unaoifanya ncha ikae ndani ya mfereji wa sauti uliokatwa kwenye silinda. Cha kurekodia hakina uzito huo, na ncha yake ina makali, kwa sababu kazi yake ni kukata nta. Ukikosea ukaweka cha kurekodia juu ya silinda yenye sauti, hutasikia chochote cha maana, na utakuwa umelima juu ya sauti iliyodumu zaidi ya miaka mia moja. Chukua lenzi ya sonara, hakikisha kwa macho, kisha kile chenye makali kifunge kwenye kitambaa ukiweke droo nyingine kabisa.

Alama nyingine ya mashine ya lugha ni kile kitufe kwenye mkono unaobeba kichwa, kile ulichosema huelewi kazi yake. Ni cha kurudia. Ukikibonyeza, kichwa kinanyanyuka, kinarudi nyuma mistari michache, kinatua tena. Mwanafunzi aliyeshindwa kushika sentensi aliirudisha bila kuanza silinda upya. Mashine ya kawaida ya kusikilizia nyimbo haina kitu hicho. Mpira wa masikioni nao una maana yake: mwanafunzi alisoma usiku bila kuamsha nyumba, na matamshi yanasikika vizuri zaidi hapo kuliko kwenye pembe. Ukitaka kujua kama mashine ya namna hii ni kamili, usiangalie kasha wala pembe. Angalia kitufe, kichwa cha pili, mpira. Herufi za I.C.S. peke yake hazinitoshi mimi, kwa sababu vibandiko vya Edison vinachapishwa upya hadi leo, na mtu yeyote anaweza kununua.

Sasa umri. Tarehe za kwenye kibati ni za hataza, yaani siku serikali ilipokubali uvumbuzi fulani uliomo ndani ya mashine. Hazisemi mashine ilitengenezwa lini. Zinachokupa ni mpaka wa chini tu: mashine haiwezi kuwa imetoka kiwandani kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo yako si ya kabla ya Novemba 1903, na hapo ndipo kibati kinapoishia kukusaidia kwa upande wa tarehe. Kiwanda kiliweza kugonga vibati vilevile kwa miaka.

Soma namba ya mashine na herufi iliyo karibu nayo. Edison Standard zilianza 1898, na hizo za mwanzo wapenzi wa fonografu wanaziita Modeli A. Modeli B iliingia mwishoni mwa 1905, kisha C na D zikafuata 1908. Kwenye picha yako ya tatu mimi naona B, ila kuna kutu, hebu pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani uhakikishe. Usitumie sandpepa wala brashi ya waya, herufi zitaondoka na kutu.

Halafu linganisha na kasha. Yale ya mwanzo yana utepe mrefu uliochorwa mbele ukiwa na jina lote la mashine. Ya kuanzia kipindi cha Modeli B yana neno moja tu, Edison, kwa mwandiko wa sahihi yake. Yako ina sahihi, inakubaliana na B. Kama kibati kingesema B na kasha lingekuwa na utepe mpana, ningekwambia mtu amechanganya mashine mbili, jambo linalotokea sana. Kwa hiyo, kwa ninavyoona, mashine yenyewe ni ya kati ya mwisho wa 1905 na 1908.

Pembe iache nje ya hesabu. Standard zilikuja na pembe ndogo ya inchi 14, na kuanzia 1907 Edison akaanza kuuza pembe kubwa zenye vipande kama petali za ua. Pembe inachomolewa na kuchomekwa, imekuwa ikihama nyumba kwa nyumba tangu enzi hizo.

Jambo moja linaweza kukuchanganya: wewe umesema upande wa gurudumu la mkanda kuna kidubwana cha kuvuta chenye namba 2 na 4. Hiyo ni gia ya kubadilisha kasi ya mkono, siyo ya silinda. Mpaka 1908 silinda za Edison zilicheza dakika mbili hivi, mifereji 100 kwa inchi, mizunguko 160 kwa dakika. Mwaka 1908 zikaja Amberol za dakika nne, mifereji 200 kwa inchi. Kampuni ikauza vifaa vya kufungwa kwenye mashine za zamani za wateja ili zicheze silinda za aina zote mbili. Kwa hiyo gia ya 2 na 4 kwenye Modeli B haimaanishi kibati kinadanganya. Maana yake ni kwamba mwenye mashine aliendelea kuitumia baada ya 1908 na akaona inafaa kuigharamia. Napenda sana kuona hiyo gia kwenye mashine ya mwanafunzi.

Silinda nazo zina umri wao, tofauti na wa mashine. Weka rula ya milimita juu ya silinda nyeusi bila kuigusa, tazama kwa lenzi, hesabu mifereji ndani ya milimita moja. Ukipata minne ni ya dakika mbili, ukipata minane ni ya dakika nne. Usiweke silinda ya nta ya dakika mbili chini ya kichwa cha dakika nne, ncha yake ni nyembamba na inachimba. Zikiwa za bluu au zinateleza kama plastiki, hizo ni za seluloidi, Edison alizianza 1912, na ni ngumu kuharibika. Za nta zishike kwa vidole viwili kutokea ndani, uvipanue taratibu, usiguse uso wake. Joto la mkono tu linaweza kuipasua silinda iliyotoka chumba baridi. Madoa meupe unayoyaona ni kuvu inayokula nta. Usiisugue wala usiioshe kwa maji ya sabuni.

Kuna aliyejibu hapo juu kwamba hizi ndizo mashine walizotumia wanaisimu wa Kijerumani kule kwetu Afrika Mashariki. Hapana mkuu, tutenganishe. Wataalamu walikuwa na njia yao. Mtafiti Mmarekani Jesse Walter Fewkes alirekodi Wapassamaquoddy, wenyeji asilia wa Marekani, huko Calais, Maine, mwaka 1890. Vienna wakafungua hifadhi ya sauti 1899, Berlin 1900. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipopita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 alibeba fonografu na kurekodi watu wa huko, na silinda zake zikaingia hifadhi ya Berlin. Zile zilikuwa mashine za kuchukulia sauti za wenye lugha. Yako ilikuwa ya mtu anayejifunza lugha ya wengine akiwa jikoni kwake. 

Na aliyeuliza kuhusu Cortina na Linguaphone, kozi nyingine za lugha za kusikiliza: Cortina ilikuwa shule ya New York tangu 1882, nayo ilitumia silinda, baadaye santuri. Linguaphone ilianzishwa London 1901 na Jacques Roston, na nyingi mnazoziona ni santuri za mizunguko 78, zinazocheza kwenye gramafoni yoyote. Hapo unatafuta umri wa santuri na vitabu vyake, siyo wa mashine. Wenzetu mlioko Mombasa, Zanzibar na Muscat, muwe macho na gramafoni za pembe ya shaba inayong'aa sana zenye kibati cha HMV (kampuni ya His Master's Voice). Nyingi zimeungwa India miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii.

Nimeiacha ile silinda ya kahawia mpaka mwisho kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi tangu jana. Silinda nyeusi za masomo zilimiminwa kiwandani kwa wingi, ziko nyingine. Ya kahawia isiyo na maandishi ukingoni ni silinda ya kurekodia. Isimamishe karibu na dirisha mchana, mwanga uingie kwa ubavu. Ikiwa uso wote ni laini unaong'aa, ni tupu. Ukiona ukanda wa mistari myembamba unaoanza ghafla na kuishia njiani, mtu amesema kitu pale. Silinda hizi zilikwanguliwa na kutumika tena na tena, kwa hiyo iliyobaki na mistari ni zoezi ambalo halikutumwa, au lilirudi likahifadhiwa. Yawezekana ni sauti ya mwanafunzi mwenyewe wa wakati ule akihangaika na Kihispania, na hakuna nakala nyingine duniani.

Usiicheze kwenye mashine yako, hata mara moja. Hata kichwa sahihi kinakwangua nta hii laini. Siku hizi kuna mashine za umeme za kusomea silinda kwa uzito mdogo sana, kama ile Archéophone ya Mfaransa Henri Chamoux, na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina mkusanyiko mkubwa wa silinda zilizoingizwa kwenye kompyuta. Andikia maktaba ya namna hiyo, waulize kama wanaipokea au wanakuelekeza kwa mtu aliye karibu nawe. Wakati unasubiri, isimamishe wima ndani ya kopo lake, chumba kikavu, mbali na hita. Na ndugu wa marehemu waulizwe kama kuna aliyesoma na I.C.S. katika ukoo. Mara nyingi barua na vyeti vipo kwenye kasha lingine ambalo hukulinunua.

Naomba picha tatu: kibati baada ya kukifuta, vichwa vyote viwili vikiwa vimegeuzwa chini, na hiyo ya kahawia kwenye mwanga wa ubavu.