Gasketi au silikoni?

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza iwapo ni sawa fundi kukupakia silikoni, ile gundi ya kuzibia, kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kwenye kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini), badala ya kusubiri gasketi, yaani kizibio kilichokatwa tayari, kutoka Unguja. Kwa sampu hana kosa, kwani injini nyingi za Toyota hutoka kiwandani zikiwa zimezibwa hapo kwa silikoni peke yake. Kava ya tapeti ni jambo jingine: ina mfereji uliochongwa kwa ajili ya gasketi ya mpira, na silikoni hutiwa tone tu kwenye pembe ambapo hedi (kichwa cha injini) inakutana na kava ya mnyororo wa taimingi. Hiyo isubiri gasketi, nakusihi.

Kwenye sampu, msimamie fundi: chuma kisuguliwe mpaka kisibaki hata utando wa oili, mstari wa silikoni uwe wa milimita 3 hivi, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, na gari lisiwashwe mpaka kesho yake. Silikoni ikizidi hufinyika kwa ndani, ikakatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini ikafa kwa kukosa oili ilhali sampu imejaa.