Re: Nani alianzisha M-Pesa, Collymore au Joseph?
Salaam ndugu. Umekwama kwenye wasifu wa Bob Collymore kwa kuwa chanzo kimoja kinamwita mwanzilishi wa M-Pesa na kingine kinakanusha. Anza na tarehe: M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, Michael Joseph akiwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Collymore alishika usukani Novemba 2010, basi neno "mwanzilishi" lifute. Chini ya uongozi wake andika huduma ya M-Shwari ya akiba na mikopo, Novemba 2012. Kuzaliwa ni Guyana, 1958, si Uingereza. Uingereza alihamia akiwa na miaka 16. Alifariki 1 Julai 2019. Joseph akarudi kukaimu hadi Peter Ndegwa alipoanza Aprili 2020, na hapo ndipo wengi huchanganya: jina la Joseph linatokea mara mbili.