Nimehama Kozi, Kibirizi Bado Wananiita Bwana Samaki

Wadogo zangu watatu wa mtaani wameniuliza swali lile lile kwa nyakati tofauti: "Kaka, nihame kozi?" Nimeona niandike, maana majibu yangu ya kwenye simu huwa mafupi na yana uongo ndani yake.

Mimi nilianza na uvuvi, sasa nasoma uhasibu. Mtoto wa Kibirizi, hapa Kigoma, mama muuza dagaa, kidato cha sita nimesoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia: nani angenishauri vingine? Kabla hata sijaripoti chuoni, akina mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, walishaanza kuniita bwana samaki. Na mwaka wa kwanza nilifaulu bila sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani anayehama ni aliyeshindwa.

Likizo ya 2024 nilikuta Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Vichanja vitupu. Mwaloni hata harufu ya dagaa imepotea. Mama alikuwa barazani na daftari lake la mali kauli, lile la jalada gumu lenye madoa ya mawese, kurasa nyingine zimegandana. Mteja wa Kasulu kachukua magunia mawili, kalipa nusu. Mwingine kapunguza deni kwa debe la maharage, lakini bei ya hilo debe haikuandikwa popote. Nilikaa na lile daftari siku nne. Nikachora safu, nikatenganisha waliolipa fedha na waliolipa mali, nikakuta kuna mama mmoja tunayemdai na yeye anatudai, na hakuna aliyewahi kuyakutanisha hayo madeni. Siku ya pili niliitwa kula mara tatu sikusikia.

Ndipo nikakumbuka kitu. Mhadhiri alipotueleza kwa nini ziwa lipumzishwe, nilikubaliana naye kila neno. Ila yeye akiwa kwenye mazalia, mimi nilikuwa nawaza wenye mikopo watarejesha nini miezi yote hiyo.

Hata hivyo sikukimbilia fomu. Chuo kilipofunguliwa niliingia vipindi vya uhasibu nikikaa nyuma kabisa, nikaazima na daftari za mwaka wa tatu. Somo la kodi linachosha, jamani! Lakini nilichoka nalo leo, kesho nikalifungua tena. Kwenye uvuvi nilikuwa nalipenda ziwa. Masomo ya mbele kila nikiyafungua nayafunga. Kwa hiyo ukitaka kupima kozi, usiangalie kipindi kitamu cha kwanza. Tafuta somo linalochosha kuliko yote, uone kama unalivumilia.

Kuna niliyekaa naye chumba kimoja, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo, anasoma kilimo. Yeye alitaka kuhama kwa sababu ya sapu ya takwimu. Tulirudi chuoni pamoja kwa treni, yeye kapandia Urambo, na tangu hapo mpaka Tabora alikuwa ananilalamikia mwalimu. Mwalimu tu. Udongo, mbegu, mabani ya kukaushia tumbaku, hayo akiyagusa anachangamka. Nikamwambia abaki. Alininunia wiki nzima, na sapu akaifaulu.

Sasa fedha, na hapa usiniige. Kuhama si kubadilisha kiti tu. Lazima uwe na sifa za kuingilia kozi unayoitaka, kama zilivyo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mimi niliokolewa na hesabu za kidato cha nne, ambazo nusura nizipuuze. Dirisha la kuhama nalo hufungwa mapema, muhula ukiwa bado mbichi. Kisha muone afisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini chochote, maana Bodi ya Mikopo ilikupangia fedha kwa kozi ile na kwa miaka ile. Mimi nimeanza upya mwaka wa kwanza. Mwaka mzima umekwenda na maji, na bumu, yaani fedha ya mkopo, la mwaka wa mwisho silihesabu kabisa. Tunaweka akiba kidogo kidogo kila dagaa wanapopanda bei. Kama nyumbani kwenu hakuna pa kuokoteza ada ya mwaka mmoja, malizia ulipoanza, hayo mengine utayasomea baadaye ukiwa na kazi. Najua si jibu ulilolitaka.

Kumwambia mama ndiko kuliniogopesha kuliko ofisi zote. Aligeuza dagaa kichanjani mpaka mwisho ndipo akaniuliza, "Sasa mwanangu, nani ataniambia dagaa wameenda wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila nikishuka mwaloni likizo, wenzake bado wananiita, "Bwana samaki, njoo!" Nikifika, kila mmoja anachomoa daftari lake kwenye khanga.