Jibu: Mandhari nyeusi inayoumiza macho
Ndugu, umeuliza kwa nini mandhari nyeusi (mpangilio wa rangi) uliyoitengenezea kihariri chako cha msimbo, programu ya kuandikia kodi, inakuchosha macho baada ya saa moja tu. Tatizo ni huo usuli wa #000000, yaani nyeusi tititi, na maandishi meupe pe: uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na usuli ni 21 kwa 1, herufi zinang'aa mpaka kingo zake zinaonekana kutawanyika. Weka usuli #1e1e1e (kijivu kilichokolea) na maandishi #d4d4d4 (kijivu hafifu). Utabaki na takriban 11 kwa 1, inatosha kabisa.

Maoni ndani ya msimbo, yale maelezo ya msomaji ambayo kompyuta huyapuuza, ndiyo wengi huyaharibu, wanayafifisha hadi hayasomeki. Usishuke chini ya 4.5 kwa 1, kiwango cha WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote, kwa maandishi ya kawaida. Rangi nyingine nne au tano zatosha. Ukipaka kila neno rangi yake, skrini inakuwa kama kibanda cha vitenge pale soko la Owino. Na nyekundu dhidi ya kijani usiitegemee peke yake, wapo wasiozitofautisha.

Halafu ijaribu mchana, jua la Kampala likipiga dirishani. Yangu niliitengeneza usiku umeme umekatika, nimepunguza mwanga kuokoa betri; asubuhi sikuona hata mabano.