Je, binti yangu ajifunze kazi ya plastiki?

SWALI: Bwana Mhariri, binti yangu ana miaka 20. Alipata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, miaka miwili iliyopita na hadi leo hana kazi. Sasa wako watu wanaoandikisha vijana kwa mafunzo ya miezi mitatu ya kuchakata plastiki, nao wanataka nusu ya ada kabla ya kuanza. Baba yake anasema kuokota chupa si kazi ya mtu aliyesoma. Nimwandikishe? — Mama mzazi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, plastiki yenyewe haitakosekana. Kila mvua inaponyesha, chupa na mifuko hushuka kutoka kwenye vilima vyetu hadi Ziwa Kivu, kisha maji yanayoingia mto Ruzizi huibeba taka hiyo mpaka kwenye bwawa, ambako huziba njia ya maji yanayozungusha mitambo ya umeme tunaoulilia kila siku. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 hapa Kongo haijaumaliza mzigo huo.

Mimi ningemwandikisha kwa sharti kwamba aanze kwa kujifunza kutenganisha aina za plastiki, kwa kuwa hapo ndipo penye elimu ya kazi hii. Nenda naye, umwombe mwalimu aikatekate chupa moja ya maji ya kunywa pamoja na kifuniko chake, avitie vipande vyote katika beseni la maji. Vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Ni plastiki mbili tofauti: ya kifuniko huyeyuka kwenye nyuzi 130 hadi 165 hivi, ilhali ya chupa hungoja mpaka karibu nyuzi 250, na zikichanganywa bidhaa hutoka dhaifu, mnunuzi akaikataa. Mwalimu asiyeweza kulieleza jambo hilo, wala kusoma namba ya aina ya plastiki iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo, msimpe pesa.

Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba, ambayo ikipata moto mkali hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Nimewahi kuona vijana wakiyeyusha kila kitu ndani ya pipa juu ya moto wa kuni, pua wazi, ili watengeneze matofali ya kutandaza njiani. Iliniuma sana. Mafunzo yasiyotoa glavu, barakoa na mahali penye hewa ni hatari kwa mtoto wako.

Kuhusu neno la baba yake, kuokota ni mwanzo tu. Gunia la chupa tupu limejaa hewa, halilipi gharama ya usafiri, kwa hiyo lazima iwepo mikono inayojua kuosha, kukandamiza, kusaga, kupima, kuandika hesabu na kuitengeneza mashine inapoharibika; aliyesoma ana nafasi hapo. Waulizeni pia ni nani anayenunua, aina ipi na kwa bei gani kwa kilo, kisha mwende mkamwone mnunuzi huyo. Mkishamwona, lipeni ada kidogo kidogo, kila mara kwa risiti.